Mnyama Asiyezoea Nyavu

Kila mwaka, nikifika mada ya mageuko ya viumbe na kidato cha nne hapa Kasulu, huwa natoa zoezi moja ambalo halimo kitabuni. Buni mnyama. Aishi pwani, ale majani tu, asiguse nyama wala samaki. Mchore, halafu eleza kila kiungo chake kinamsaidia nini. Vitabu vyetu na mitihani yetu ni ya Kiingereza, lakini mabishano ya zoezi hili huenda kwa Kiswahili, na yakipamba moto Kiha nacho kinaingia kupitia dirishani.

Wengi wa vijana hawa hawajaiona bahari. Kutoka Kigoma mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Wapo waliotoka vijiji vya ndani upande wa Kibondo, ambao hata Ziwa Tanganyika wanalijua kwa migebuka mikavu inayofika gulioni. Kwa hiyo wanabuni kwelikweli. Safari hii nimepata mnyama mwenye mbio za duma na ngozi ya mamba, mwenye shingo ya kufikia madafu mnazini, anayezaa watoto kumi na wawili kwa mwaka. Mwingine ana sumu mkiani, "ili asisumbuliwe". Mwingine anaishi majini na nchi kavu na, ikibidi, anaruka.

Ukizipanga karatasi zote mezani unagundua jambo moja. Hakuna mnyama hata mmoja anayelipa chochote. Kila sifa imeongezwa juu ya nyingine kama mtu anayejaza kikapu sokoni bila kuulizwa hela. Mnyama wa kubuni hana gharama. Mnyama wa kweli kila alichonacho amekilipia, na alicholipa ni mambo mengine ambayo angeweza kuwa nayo na sasa hana.

Basi nikawaambia kwamba mnyama wa swali langu yupo. Anaitwa nguva. Wakacheka. "Mwalimu, nguva si yule mwanamke mwenye mkia wa samaki?" Siwalaumu. Kiswahili chenyewe kimewapa neno moja viumbe wawili, mmoja wa hadithi na mmoja wa kweli, na kwa mtu wa Kasulu wote wawili wako mbali sawasawa. Hata wanasayansi wa Ulaya waliliita kundi lake kwa jina la wale wanawake wa baharini wa hadithi za Kigiriki waliokuwa wakiwapoteza mabaharia kwa nyimbo. Nguva haimbi. Kazi yake kubwa ni kula.

Nguva mzima hufikia mita tatu kwa urefu na kilo 400 hivi kwa uzito. Chakula chake ni nyasi za baharini. Siyo mwani, hizi ni mimea kamili yenye mizizi, maua na mbegu, inayoota kwenye mchanga wa maji ya kina kifupi. Anaweza kula kilo 30 hadi 40 kwa siku, na mara nyingi anang'oa na mizizi, kiasi kwamba anakopita huacha mfereji kama mtu aliyepita na jembe. Palipolimwa namna hiyo huchipua nyasi changa, laini, na yeye hurudi kuzila.

Sasa tazama gharama zake. Mifupa yake ni mizito na imara, haina uwazi mwingi ndani kama yetu, na uzito huo unamsaidia kukaa chini kwenye malisho bila kuhangaika kuelea. Aliyejifunga mawe namna hiyo hawezi kuwa mwepesi. Mdomo wake umegeukia chini, mpana, wenye manyoya magumu ya kupapasia nyasi hata maji yakiwa machafu. Kwa kulisha sakafu ya bahari hakuna mdomo bora kuliko huo, ila kwa kazi nyingine haufai kitu. Mapafu yake ni marefu na yamelala kando ya mgongo, yanamweka sawa majini. Lakini ni mapafu, siyo mashavu ya samaki, na kila baada ya dakika chache lazima apande juu kuvuta pumzi.

Gharama kubwa kuliko zote iko kwenye uzazi. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka mmoja na kuzaa mtoto mmoja. Mtoto hunyonya hata mwaka na nusu. Kutoka uzao mmoja hadi mwingine hupita miaka mitatu, pengine saba. Wapo majike ambao mtoto wa kwanza huja wakiwa na umri wa zaidi ya miaka kumi. Kwa upande mwingine, nguva anaweza kuishi miaka 70. Ni maisha ya taratibu, ya kiumbe ambaye kwa muda mrefu sana alikuwa na chakula cha kutosha na maadui wachache.

Na muda wenyewe ni mrefu kweli. Mwaka 2001 mtafiti Daryl Domning aliwaeleza wenzake mifupa iliyochimbuliwa Jamaika, ya mnyama aliyepewa jina la Pezosiren, aliyeishi miaka milioni 50 hivi iliyopita. Alikuwa na miguu minne kamili na aliweza kutembea nchi kavu, lakini mbavu zake tayari zilikuwa nzito kama za nguva. Huko Fayum, kwenye jangwa la Misri, wamepatikana jamaa zake wa baadaye ambao miguu ya nyuma ilishaanza kupungua. Nguva wa leo miguu hiyo hana, ila ndani ya nyama yake bado kuna vifupa vidogo vya nyonga visivyoshika chochote. Na ndugu zake wa nchi kavu, walio karibu naye kuliko wengine wote, ni tembo na pimbi. Ndiyo, pimbi yule yule anayeota jua juu ya mawe, mdogo kama sungura. Mwanafunzi akisikia hivyo hunitazama kama vile nimemwambia mbuzi wa jirani ni shemeji yake.

Nilipomaliza kueleza, nikawaambia pia kwamba nguva wa Tanzania wamebaki wachache sana, hasa kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Kwamba mwezi Desemba 2022 shirika la IUCN liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki kwenye daraja la hatari kubwa kabisa, likikadiria kwamba wakubwa wenye uwezo wa kuzaa hawafiki 250 katika ukanda wote huu, wengi wao wakiwa Msumbiji karibu na visiwa vya Bazaruto. Na kwamba kinachowamaliza zaidi ni jarife, zile nyavu za kutega. Nguva akinaswa hawezi kupanda juu. Anakufa kwa kukosa hewa kama ambavyo mimi na wewe tungekufa.

Hapo kijana mmoja, mkimya kwa kawaida, akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, kama ameshindwa kuzoea nyavu, si ndiyo uteuzi wa asili wenyewe uliotufundisha? Asiyezoea anaondoka. Tunamlilia nini?"

Darasa likampigia makofi. Na mimi naona alistahili, kwa sababu hilo ni swali zuri, na watu wazima wengi wanaishi nalo bila kulitamka. Nimelifikiria kwa wiki kadhaa. Naomba nijaribu kulijibu hapa kwa utulivu zaidi ya ule unaopatikana kwenye kipindi cha dakika arobaini.

Tuanze na neno lenyewe, kuzoea. Kiswahili kinalitumia kwa mtu na kwa siku. Nazoea baridi ya Kasulu mwezi Julai, nazoea kiti kibovu, nazoea kelele za jirani. Ni jambo la mwili mmoja ndani ya maisha yake. Mageuko si hayo. Hakuna nguva aliyewahi kuzoea kukosa miguu. Vizazi kwa vizazi, waliozaliwa na maumbile yaliyofaa maji kidogo kuliko wenzao waliacha watoto wengi kidogo kuliko wenzao, na hesabu hiyo ndogo ikarudiwa kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo tukisema nguva "ameshindwa kuzoea" nyavu, tunamlaumu kwa kazi ambayo hakuna kiumbe anayeifanya. Nguva aliyenaswa asubuhi hii Rufiji hakufanya mtihani wowote akafeli. Alikuwa anakula pale mama yake alipokuwa akila.

Halafu kuna hesabu. Kundi la nguva, mambo yakienda vizuri kabisa, haliwezi kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Kundi la mia moja, basi, haliongezi zaidi ya watano. Ondoa majike wachache tu kwa nyavu, hesabu inarudi nyuma, na inaendelea kurudi nyuma hata kama hakuna mtu aliyekusudia kumwua nguva hata mmoja. Ili mageuko yafanye kazi panahitajika vizazi vingi, na kizazi cha nguva ni kirefu karibu kama chetu. Nyavu za nailoni zimekuwapo baharini kwa muda usiozidi umri wa mtu mmoja mzee. Umempa mtu asiyejua kusoma barua, ukamwambia ajibu kabla hujahesabu tatu, halafu unasema alipewa nafasi.

Lakini tuseme hesabu isingekuwa kali hivyo. Tuseme muda ulikuwepo na nguva wakashindwa kweli. Je, ingefuata kwamba ni haki waondoke? Hapa ndipo kijana wangu, pamoja na wengi waliomtangulia, anaruka mto bila daraja. Kitabu cha Darwin kilitoka mwaka 1859. Ule msemo kwamba anayefaa zaidi ndiye anayesalia hakuuanzisha yeye. Aliuandika Herbert Spencer mwaka 1864, na Darwin akauazima katika toleo la tano la kitabu chake, mwaka 1869. Tangu hapo watu wamekuwa wakiusikia kama hukumu ya mahakama: aliyesalia alistahili, aliyekufa alikuwa na kosa.

Msemo wenyewe hausemi hivyo. Kufaa ni kufaa mahali. Ufunguo unafaa kufuli fulani. Haumaanishi ni ufunguo mwema kuliko mwingine. Kunguru wale wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na leo wamejaa Dar es Salaam, wanaishi kwa majalala yetu na kula makinda ya ndege wengine. Kufaa, wamefaa sana. Kunguni naye amefaa. Mbu anayebeba malaria anafaa Kibondo kuliko hata sisi tunaolala chini ya chandarua. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo mbu ana haki kubwa kuliko mtoto anayemuuma. Basi tusiitumie hoja hiyo kwa nguva tukaiweka mfukoni kwa mbu. Sayansi inatuambia nani amebaki na kwa sababu gani. Nani alistahili kubaki ni swali jingine, na tukimsingizia Darwin jibu lake, tunakwepa kulijibu wenyewe.

Historia ina mfano unaoumiza. Mwaka 1741 meli ya Vitus Bering ilikwama kwenye kisiwa kitupu cha kaskazini mwa bahari ya Pasifiki. Ndani yake alikuwamo daktari na mtaalamu wa viumbe, Georg Steller, aliyekuta pale ndugu mkubwa wa nguva, mwenye urefu wa hata mita nane, asiye na meno, anayekula mwani wa maji baridi karibu na ufukwe. Alikuwa mpole na hakuwa na uwezo wa kuzama vizuri akajificha. Alifaa pale kabisa. Aliishi kwenye baridi ambayo nguva wetu asingeivumilia. Habari zikafika kwa wawindaji wa ngozi, wakaanza kupita kisiwani wakichukua nyama ya safari. Kufikia mwaka 1768 alikuwa amekwisha. Ni miaka 27. Steller aliandika kwa makini jinsi mnyama huyo alivyo, na sehemu kubwa ya tunachojua juu yake imetoka kwa mtu huyo mmoja. Ukiniuliza ni kitu gani alichoshindwa kuzoea, sijui nikutajie nini zaidi ya sisi.

Pengine unajiuliza kwa nini mwalimu wa Kasulu anahangaika na mnyama wa Mafia. Ukweli ni kwamba nililisikia swali la yule kijana kwa masikio mawili. Neno "watazoea" nimelikuta sehemu nyingine, na huko halikuwa likisemwa juu ya wanyama.

Mkoa wetu, wakati wa ukoloni, ulikuwa ghala la vibarua. Vijana wa Buha walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba kwa namba walizopewa. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Aliondoka nyanda za juu zenye baridi na migomba akapelekwa kwenye joto la pwani, chakula kigeni na lugha ambayo wakati ule hakuijua vizuri. Nikiwa mdogo nilikuwa namwuliza Tanga kulikuwaje. Alijibu neno moja tu: "Tulizoea." Halafu anauliza kama mbuzi wamefungwa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba jibu lile lilikuwa mlango uliofungwa. Walizoea, ndiyo. Lakini aliyewachukua alikuwa akitegemea wazoee, na kwa kuwa walizoea, hakuna aliyeona haja ya kuuliza iliwagharimu nini.

Leo neno hilo linasikika karibu zaidi. Kambi ya Nyarugusu, hapa wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita. Nduta, upande wa Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipoanza kuvuka mpaka kwa wingi. Aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ule wa kwanza sasa ni mtu mzima, pengine ana watoto. Nimekaa kwenye mazungumzo ya vibarazani ambapo mtu anauliza wale watoto wataishije maisha yao yote ndani ya uzio, na mwenzake anajibu bila ubaya wowote: "Wameshazoea." Na upande wa pili, wanakijiji ambao miti yao imepungua kwa kuni nao huambiwa hivyo hivyo. Mtazoea.

Sisemi mkimbizi ni kama nguva. Mtu ni mtu, ana sauti na anaweza kudai. Ninachosema ni kwamba sentensi ni ile ile, na inafanya kazi ile ile: inauchukua mzigo kutoka kwa aliyebadilisha mambo na kumtwika aliyebadilishiwa. Anayetega wavu hatajwi. Anayefunga uzio hatajwi. Anayebaki kwenye sentensi ni mmoja tu, yule anayetakiwa kuzoea, na akishindwa kosa ni lake.

Sasa, mtu wa Rufiji akisoma hapa anaweza kunigeuzia kibao, na atakuwa na haki. Ataniambia: wewe mwalimu unakula ugali wako wa muhogo na maharage ya Kasulu, nguva humlipii hata senti. Mimi jarife langu ndilo ada ya watoto. Ni rahisi kumpenda mnyama aliye kilomita elfu moja kutoka kwenye sufuria yako.

Nakubali. Ndiyo maana naona kila mtu aanze na nguva wa kwake. Huku kwetu tuna nzohe, swala wa majini, anayeishi kwenye mafunjo ya bonde la Malagarasi na Muyovozi, eneo ambalo mwaka 2000 lilikuwa la kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya ardhi oevu chini ya mkataba wa Ramsar. Nzohe ana kwato ndefu zinazopanuka, hazimwachi azame kwenye tope. Akitishwa anajizamisha majini akaacha pua tu. Kwato hizo hizo, akitoka nchi kavu, zinamfanya atembee kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake. Amelipa nchi kavu ili apate tope. Ukikausha tope, ukaingiza moto na mifugo na mashamba ya mpunga, utakuwa umempokonya kile alicholipia bila kumrudishia alichotoa. Na hapa mfugaji na mkulima ndio wale wale majirani zangu, wenye njaa na watoto wa shule, siyo watu wabaya wa kwenye hadithi. Wengine wameshaondolewa kwa nguvu kwenye maeneo yaliyohifadhiwa, wakaambiwa na wao kwamba huko waendako watazoea.

Kwa hiyo kusema tu "tumlinde" hakutoshi. Anayesema hivyo aseme pia nani atalipa. Msimamo wangu ni huu: mabadiliko yanapokuwa lazima, mzigo wa kubadilika umwangukie kwanza yule anayeweza kubadilika kwa haraka na kwa hasara ndogo. Nguva hawezi kubadili mapafu yake. Wavu unaweza kubadilishwa. Saa za kutega zinaweza kubadilishwa, na mahali pa kutega pia. Lakini ngazi haiishii kwa mvuvi. Mvuvi mwenye wavu mmoja ana uwezo mdogo wa kubadilika kuliko halmashauri yenye bajeti, na halmashauri kuliko serikali, na serikali yetu kuliko nchi tajiri ambazo wananchi wao hutoka machozi wakitazama picha za nguva. Tukianzia chini ya ngazi, tunamwambia mvuvi kile kile tulichomwambia nguva: zoea. Tukianzia juu, mvuvi anapewa wavu mwingine kabla la zamani halijachukuliwa. Sheria yetu inamlinda nguva. Ni vizuri. Ila sheria inayomnyang'anya mtu chombo cha kazi bila kumpa kingine imebadilisha tu nani anaswe.

Kuna jambo moja la mwisho nililowaonyesha wanafunzi kwenye ramani, na nadhani lilifanya kazi zaidi ya maneno yangu yote. Mvua ikinyesha Kasulu, sehemu yake inaingia mto Ruchugi, ambao unakutana na Malagarasi huko Uvinza. Mvua ya Kibondo nayo inaishia Malagarasi, kwa kupitia yale mabwawa ya nzohe. Malagarasi unamwaga Ziwa Tanganyika. Maji mengi ya ziwa hupotea angani kwa mvuke, lakini yanayobaki hutoka kwa mto Lukuga, upande wa Kongo, yakaingia mto Kongo wenyewe, yakateremka hadi bahari ya Atlantiki. Sisi tunaojiita watu wa bara, maji yetu hayaelekei Dar es Salaam hata kidogo. Pwani yetu ni ile ya magharibi. Na kwenye mikoko ya mlango wa mto Kongo, karibu na Muanda, anaishi binamu wa nguva, yule wa Afrika Magharibi, mwenye mkia wa mviringo, naye chakula chake kikubwa ni majani. Mwaka 1992 Wakongo walianzisha hifadhi ya mikoko pale, na mojawapo ya sababu ilikuwa yeye.

Kwa hiyo pwani niliyowataja kwenye zoezi haikuwa ya kubuni, wala si ya watu wengine. Tunachomwaga kwenye Ruchugi kina safari yake, hata kama ni ndefu na njiani kinapungua sana. Sitaki kulikuza jambo hili kupita kiasi. Simaanishi kwamba sabuni ya Kasulu inamwua mnyama wa Muanda. Namaanisha kwamba umbali, ambao ndio utetezi wetu wa kawaida, ni mfupi kuliko tunavyoudhani, na kwamba mtu hahitaji kumwona kiumbe ili awe na deni kwake. Vizazi vijavyo vya Kibondo hatujaviona pia, na hakuna mzazi anayesema havidai kitu.

Ukitaka kujipima, msomaji, chukua siku moja tu usikilize ni mara ngapi neno "watazoea" linatamkwa, ofisini, nyumbani, kwenye daladala, na nani anayelitamka juu ya nani. Mimi nimefanya hivyo. Mara nyingi anayelisema ndiye ambaye angeweza kubadilika kwa urahisi zaidi.